Usiiwashe Hiyo Kompyuta

Karakanani,
Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi.

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Kabla hata ya salamu, pokea hasara: shamba la Mama limepotea. Limepotea Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, pamoja na ng'ombe kumi na wawili, kuku arobaini, ekari sita za mahindi yaliyobakiza siku mbili kuvunwa, kisima, ghala na punda mmoja. Saa elfu moja mia mbili na arobaini za kazi yake zimekwenda na maji. Na kama ile kompyuta yako ya mkononi iko karibu nawe unaposoma hapa, iache ilivyo. Usiiwashe. Usiichomeke. Hata vumbi usiifute. Sababu inakuja huko chini, kwa zamu yake.

Sasa salamu. Hujambo, mdogo wangu? Kifua chako kinaendeleaje na hilo vumbi la saruji? Sisi huku ni wazima wa miili. Goti la Mama limetulia tangu aache kukanyaga cherehani. Mkunga, shoga yake wa nyumba ya pili, anakusalimu na anauliza kama umeshapata mchumba au bado unaleta visingizio. Karakana inakwenda. Wiki hii nina friji kumi na moja sakafuni: tisa zimepona, moja inasubiri kompresa, na moja imekufa lakini mwenyewe haamini, anakuja kila siku kuigusa. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki ni haya.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani. Namba yako ninayoijua ni ile iliyozama mtoni na simu yako. Simu yangu mimi imetekwa: iko juu ya kabati sebuleni, imechomekwa kwenye umeme, na kioo chake kinasema sisi ni wa mia nne na kumi na mbili kwenye foleni ya huduma kwa wateja. Mama amepiga marufuku mtu kuigusa, kwa sababu ukiifunga unarudishwa mwisho. Leo ni siku ya tano, na tulianza tukiwa wa mia tisa na tatu. Nimebaki na simu ya mezani ya hapa karakanani, nayo nimeitumia kupiga ofisi ya kambi yenu ya ujenzi mara tatu. Karani wenu aliniuliza kama ni msiba. Nikasema hapana, ni punda. Akauliza punda wa wapi. Nikamwambia wa kwenye kompyuta. Akakata. Mara ya pili na ya tatu alikata aliposikia sauti tu.

Kwa hiyo barua hii inakuja na dereva wa lori la saruji, yule mwenye kipara. Atafika kwako Ijumaa, ataondoka huko Jumamosi mchana, na Jumapili asubuhi atakuwa hapa. Mwamini kabisa. Friji yake ni mojawapo ya zile tisa zilizopona, na nimemwambia haitoki mlangoni mpaka nione mwandiko wako.

Nianze mwanzo. Unakumbuka ulivyomlipia Mama Toleo la Pili la ule mchezo wake wa shamba, miezi mitano kabla halijatoka, kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Nia yako ilikuwa njema, lakini mimi kwenye kazi yangu sijawahi kumuuzia mtu friji ambayo bado haijaundwa. Wenzetu wanauza, na mteja anashukuru! Wakamwekea Mama na saa ya kuhesabu siku kurudi nyuma, ikawa kila asubuhi anaitazama kabla ya kunawa uso. Waliahidi mvua ya kweli, bwawa la samaki, majirani wenye tabia zao, na wanyama wenye hisia. Hilo la wanyama wenye hisia ndilo lililomkaa Mama rohoni. Alitaka kuona kama Bwana Ratiba atamtambua.

Unajua alivyo na huyo punda. Mkunga alipomlaumu siku ile kwamba amempa mnyama jina ambalo mtaa mzima ulikuwa ukimwitia marehemu Baba, Mama alimjibu kwamba hakuna dharau hapo. Baba alipanga ratiba za mabasi miaka thelathini na moja na hakutoka nyumbani hata siku moja kabla ya saa kumi na mbili kamili, na punda wa kwenye mchezo naye hatoki zizini kabla ya saa kumi na mbili kamili. Alisema hakumpa jina, alimtambua tu.

Basi, Jumamosi ya uzinduzi ikafika. Mama alivaa gauni la shughuli. Mkunga akaja na kiti chake mwenyewe, maana anasema vya kwetu vinamuumiza nyonga. Mchezo ulikuwa na uzito wa gigabaiti sabini na nne. Kompyuta ikasema zimebaki saa tatu. Tukakaa. Ikasema dakika kumi na moja, Mama akavaa miwani. Ikasema siku mbili, Mama akavua miwani. Ikasema dakika nne, halafu ikasema inakadiria. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu mwenyewe, nikapata kesho saa tano asubuhi, nikawaambia wakapumzike. Mkunga aligoma kuondoka. Alisema amezalisha nusu ya watu wa mtaa huu na uchungu wa namna hiyo anaujua: mtoto wa hivyo hutanguliza miguu.

Na kweli ulitanguliza miguu. Jumapili saa tano na dakika sita ulifunguka, ikaja picha ya jua linalochomoza juu ya kilima, na pale pale ikaganda. Mama na Mkunga waliitazama kwa heshima kwa muda wa saa nne na nusu, wakidhani ndiyo hadithi inaanza. Mimi niliporudi kutoka kwa mteja ndipo nilipowaambia kwamba hilo jua halitachomoza. Nikazima, nikawasha, shamba likatokea.

Mdogo wangu, sijui nikueleze vipi. Ng'ombe wote kumi na wawili walikuwa juu ya paa la ghala, wamepangana kama nguo kwenye kamba, wanatafuna. Kuku walikuwa wamezama ardhini, midomo tu nje, ukipita inakufuata. Mvua ya kweli ilikuwepo, ila ilinyesha ndani ya nyumba. Nje kulikuwa kukavu. Yule jirani mwenye tabia zake alikuja kumpokea Mama akiwa na macho na meno, uso haujafika. Mama, kwa malezi yake, alimwitikia salamu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mtu anaumwa.

Jumatatu wakaleta marekebisho, gigabaiti tisa nyingine. Waliandika kwamba wameshusha ng'ombe, na kweli ng'ombe walishuka. Aliyepanda sasa ni punda. Bwana Ratiba alikuwa hewani, usawa wa bomba la kutolea moshi, miguu yote minne inakwenda kama feni, uso umetulia kabisa. Mama alisimama kwenye kiti, kama vile angemfikia, akawa anamsihi ashuke taratibu asije akajiumiza. Mkunga akamwambia amwache, maana hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kukaa chini. Wakacheka mpaka Mama akalazimika kukaa. Nakwambia ukweli, mchezo ulikuwa mbovu kupindukia, lakini siku ile walikuwa na furaha. Hilo likumbuke, maana mimi silisahau.

Siku hiyo hiyo, saa saba na dakika tano mchana, Mama alitupwa nje ya shamba lake kwa ujumbe kwamba akaunti yake inatumika mahali pengine. Alilalamika kwamba hilo linamtokea kila Jumatatu tangu zamani. Nikaliandika kwenye orodha ya makosa ya kampuni. Lilikuwa la ishirini na tatu.

Jumanne, saa nne na dakika kumi na saba, shamba likawa halipo. Kilichobaki kilikuwa uwanja wa nyasi, jembe moja jipya, na maandishi ya kumkaribisha mkulima mgeni. Mama alitazama, akauliza wenyewe wamehamia wapi. Nikamwambia kampuni imefuta. Aliacha maji ya chai yakauke jikoni, akavaa miwani, akaomba kalamu, akatangaza vita.

Tulianza na duka lililotuuzia. Nasema duka kwa mazoea tu, maana halina mlango, halina kaunta, wala mtu wa kumkazia macho. Sheria yake ni kwamba unarudisha mali ukiwa hujaitumia zaidi ya saa mbili. Nikasema hapo tumepona, Mama hakucheza hata saa moja iliyonyooka. Kumbe wenyewe wanahesabu tangu picha ya kwanza. Lile jua lililoganda walilihesabu saa nne na nusu za starehe. Nikaingia kwenye msaada wa maandishi, kumbe anayejibu ni mashine. Ikaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena. Mara ya nne nikaiandikia kwamba nina miaka kumi na tisa katika ufundi, nilianza na bisibisi ya kuazima, leo nina karakana yenye milango miwili, na hilo swali huwa nawauliza watu mimi. Ikajibu kwamba imefurahi kuona tatizo langu limetatuliwa.

Kupata binadamu ilibidi tuthibitishe kwamba akaunti ni yetu, na uthibitisho ni namba sita zinazotumwa kwenye simu ya aliyefungua akaunti. Aliyefungua ni wewe. Simu iko mtoni. Mpaka sasa wametuma namba hizo mara kumi na nne. Samaki wa huko wanaweza kuingia kwenye akaunti ya Mama muda wowote wakitaka, sisi hatuwezi. Ndipo tukawekwa kwenye hiyo foleni ya juu ya kabati. Halafu duka linasema kosa ni la watengenezaji wa mchezo, na watengenezaji wanasema kosa ni la duka. Mimi nikimrudishia mtu friji isiyogandisha, siwezi kumtuma akamuulize aliyechimba chuma.

Mama hakungoja foleni. Alikaa na Mkunga wakaandika maoni yao chini ya tangazo la mchezo, mahali ambapo dunia nzima inasoma, kwa jina alilochezea tangu mwanzo, ambalo kompyuta ya nyumbani ilikuwa bado inalikumbuka. Alitoa nyota moja. Alitaka nusu, hawana. Aliandika kwamba ameshona nguo za watu miaka arobaini na hajawahi kumkabidhi bibi harusi gauni lisilo na mikono akamwahidi mikono itafuata. Kwamba amelea watoto wawili na ng'ombe kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda paani mpaka wao walipoingilia. Kwamba wamemnyang'anya punda aliyekuwa na adabu kuliko wao. Akamalizia na namba ya simu ya karakana yangu, ili mwenye haya ampigie.

Kwa siku tatu watu elfu nne mia moja na sita waliyagusa maoni yale, na elfu tatu mia nane na kumi na wawili kati yao waliweka ile sura ya njano inayocheka mpaka inatoa machozi. Mama aliyaona yale machozi tu. Akaniuliza hawa ni nani wanaolia. Nikamwambia ni watu wanaomlilia punda. Ningesema nini? Aliguswa sana. Sasa kila anayekuja kumwona anaambiwa kwamba watu elfu tatu mia nane na kumi na wawili, hawamjui hata kwa sura, wamemlilia punda wake, na kati ya wanawe mwenyewe mmoja yuko huko kambini kimya kama jiwe.

Kampuni kwanza ilijibu kwa maandishi ya mashine kwamba inafurahi kuona Mama anafurahia shamba lake. Hapo ilibidi Mkunga amshike. Lakini jana, saa tisa alasiri, simu ya karakana ililia, na ilikuwa binadamu. Binti mmoja wa kwa watengenezaji, sauti laini, aliyesoma yale maoni. Nilimwita Mama, akaja mbio na kanga moja begani, goti limesahauliwa. Yule binti aliomba radhi vizuri, kwa namna ambayo Mama alimuuliza kama amekula. Akaeleza kwamba shamba lenyewe kwao halipo tena, ila mitambo yao ina kumbukumbu ya kila kitu: kitufe gani kilibonyezwa, kwenye kompyuta ipi, saa ngapi na dakika ngapi. Ataipekua ajue shamba lilifutwaje, na atapiga simu hapa hapa Jumapili saa sita kamili mchana kumpa Mama majibu.

Mama aliweka simu chini akapiga meza yangu ya kazi mpaka skrubu zikaruka. Alisema sasa mwizi atajulikana kwa dakika yake, na akimjua atamtia adabu ambayo mama yake mzazi alisahau kumtia. Mkunga akasema yeye atamshika miguu.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya friji ya mteja, nasikiliza. Nikabaki huko huko.

Ni mimi, mdogo wangu. Dakika ya kumi na saba ni yangu.

Ilikuwa hivi. Jumanne ile Mama alikwenda kuangaliwa goti, nikasema nitamshushia punda wake kabla hajarudi. Kwanza nililizungukia shamba kutafuta hitilafu, kama ninavyoizungukia friji kabla ya kuifungua. Nyuma ya zizi kulikuwa na safu za vibao, vile vya mbao ambavyo unachomeka ardhini na kuviandika maneno. Kwa miezi kumi na minne nilikuwa naviona kwa mbali nikidhani ni uzio. Nikasogea. Kompyuta ikaniambia viko mia nne na kumi na vinane, na nikasoma kimoja: "Bwana Ratiba, leo nimekwenda kulipia umeme mwenyewe. Foleni ilikuwa fupi, ungefurahi." Kingine: "Bwana Ratiba, binti yako ametoboa mlango wa pili karakanani. Anajifanya hachoki. Usimwambie nimesema." Kingine kilikuwa na neno moja tu, "Goti." Na cha mwisho kwenye safu: "Kitindamimba hajapiga simu siku ya kumi na tisa. Mimi sihesabu."

Mama yetu, ambaye tangu tumzike Baba hajamtaja mbele yetu zaidi ya mara mbili. Nilisoma hivyo vinne nikashindwa cha tano. Nikasema bora nifanye kazi iliyonileta. Nikautoa mchezo wote, nikaurudisha. Ulipofunguka ukaniuliza: kuna mashamba mawili yasiyofanana, moja liko kwenye kompyuta hii, ni la jana jioni, jingine liko kwenye hifadhi ya mtandaoni, ni la leo, saa nne na dakika kumi na tano. Libaki lipi?

Kwenye friji, mdogo wangu, ukiwa na vipuri viwili unafunga kipya. Sijawahi kufikiri mara mbili juu ya hilo, na ndiyo maana nina milango miwili. Nikachagua jipya. Kumbe hilo jipya lilikuwa shamba tupu ambalo mchezo wenyewe, kwa ubovu wake, ulijifungulia dakika mbili nyuma, ukaliandika tarehe ya leo na kulipeleka hifadhini. Lile la jana, lenye kila kitu, likafutwa mbele ya macho yangu, na kwa adabu kabisa: waliandika kwamba limefanikiwa.

Nimejitetea kwa hesabu. Nimewapa wao asilimia sitini, kwa kuleta mchezo mbichi na kuuliza swali la uhai na kifo kwa maneno ya muuza nyanya. Arobaini ni zangu. Nimeirudia mara tatu nikijaribu kuishusha hiyo arobaini, haishuki. Na uongo niliomwambia Mama hauna mgawanyo, huo ni mia kwa mia.

Sasa tuje kwako, maana nawe una hesabu zako.

Nilipoona nimeharibu, nilikimbilia kwenye ukurasa wa akaunti kutafuta namna ya kurudi nyuma. Duka lilisema shamba limechezwa saa elfu moja mia mbili themanini na moja. Daftari la Mama, ambalo anaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza kama alivyokuwa akiandika kazi za cherehani, linasema elfu moja mia mbili na arobaini. Zimezidi saa arobaini na moja, na Mama kwenye daftari hakosei. Saa arobaini na moja ni dakika elfu mbili mia nne na sitini. Wewe una Jumatatu sitini tangu uende kambini, na uliniambia mwenyewe kwamba mtandao mnapewa Jumatatu tu, saa ya chakula cha mchana. Gawanya. Ni dakika arobaini na moja kila Jumatatu. Dakika kumi na tisa zinazobaki ndizo unazokulia.

Chini yake ikaandikwa: mara ya mwisho kuingia kutoka kompyuta nyingine, Jumatatu, saa saba na dakika tano mchana. Nikataka kusoma zaidi, duka likanifungia, likadai zile namba sita za mtoni.

Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unamtupa Mama nje kila Jumatatu. Nimelifuta kosa la ishirini na tatu. Na ndiyo maana amekuwa akimwambia Mkunga kwamba siku za Jumatatu anamkuta punda ameshashiba, na kwamba hata mwenyewe zamani alikuwa akipenda kula mapema siku hiyo. Simu hupigi, lakini punda ulikuwa unamlisha. Na huwezi kumlisha bila kupita kwenye vile vibao, nami nakujua, hukupita bila kusoma. Sikulaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, na simu nisingepiga, kwa sababu mtu unaanzia wapi? Siri yako haijatoka kinywani mwangu.

Lakini elewa maana yake. Toleo la Pili halijaingia kwenye kompyuta yako. Kwa mtandao wenu wa saa moja kwa wiki nimekadiria lingehitaji Jumatatu thelathini na moja. Ndani ya mashine yako kuna shamba la Mama la Toleo la Kwanza, zima, ng'ombe chini, punda chini, na vibao vyote isipokuwa viwili vitatu vya mwisho, ambavyo Mama anavijua kwa moyo. Hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani. Lakini ukiiwasha ikanusa mtandao, itafananisha tarehe, itaona kuna shamba jipya zaidi hifadhini, na itakufutia la kwako bila hata kukuuliza. Mimi niliulizwa kwa sababu nilikuwa nimeutoa mchezo na kuurudisha; usipoutoa, duka hufananisha na kufuta kimya kimya. Sasa Jumatatu moja imeshapita tangu nifanye nilichofanya, na nyingine inakuja.

Kama hujaiwasha, usiiwashe. Ifunge kwenye blanketi, mkabidhi dereva, aiweke mapajani na si nyuma kwenye saruji. Mimi hapa nitaifungua, nyumba nzima ikiwa haina mtandao, kwa mikono miwili, na Mkunga asimame mlangoni. Kama umeiwasha, sema umeiwasha. Usinipambie, usinieleze hali ya hewa.

Kwa vyovyote vile, Jumapili kabla simu haijalia nitamkalisha Mama kwenye kile kiti cha Mkunga nimwambie mwenyewe. Asisikie dakika yangu kwa mtoto wa watu. Linalotegemea jibu lako ni kama nitamwambia nikiwa nimemshikia shamba lake mkononi, au nikiwa mikono mitupu. Namwogopa, sikufichi. Nimeshamwomba Mkunga aache hilo la kushika miguu, amesema atafikiria.

Mama anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia. Anakusalimu kila siku kwa njia ya kukulalamikia. Wasalimu wenzako wa zege. Karani wenu naye mpe salamu zangu, mwambie nimelifikiria upya swali lake: ndiyo, ni msiba. Jilinde kifua, na ule chakula chako cha mchana.

Sasa nijibu moja tu, kwa mkono wako, nyuma ya karatasi hii hii. Jumatatu ya juzi ulikula saa nzima kama watu wengine, au ulikwenda kwa punda? Umeiwasha, au hujaiwasha? Nataka neno hilo liwe mezani kwangu kabla ya Jumapili, saa sita kamili mchana.

Ni mimi dada yako,
Fundi Friji